Ile posta ya Mjerumani Lamu, ati ilijengwa na Wajerumani?

Wengi tumekua tukisikia hivyo, kwamba ile nyumba ya posta ya Mjerumani pale mtaani Lamu ni jengo la Kizungu. Na ukiwaza jina lenyewe, mtu asiseme hivyo kwa nini.

Ila jina latokana na kazi iliyofanyika ndani, si na waliojenga. Wajerumani walifungua posta Lamu 1888 sababu walikuwa na himaya yao Witu kule bara, na barua zao lazima zipitie bandarini. 1890 wakakubaliana na Waingereza wakawaachia Witu, 1891 posta ikafungwa. Miaka miwili na miezi kidogo, basi. Na mji wenyewe hawakuutawala, ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar.

Sasa ukitaka kujua nyumba ni ya ujenzi gani usiangalie kibao, angalia kuta na dari. Nyumba zetu za mawe ni matumbawe na chokaa, kuta nene mpaka dirishani mtu akaa vizuri tu, halafu inua kichwa uone boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu. Vyumba virefu lakini vyembamba, maana boriti haifiki mbali, ndiyo inayoamua upana (hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kwa nyanya kitanda kilikuwa hakigeuki). Tarehe za posta nazo zipo kwenye stempu na mihuri ya bahasha za zamani, wakusanyaji wanazo, muhuri umeandikwa LAMU na siku yake.