Rangi imepotea, sawa, ila imekwenda wapi?

Kwenye hii kazi ya kutengeneza unga wa kusafisha maji kwa jua picha inayouza ni ileile, chupa ya maji yaliyotiwa rangi ya bluu kushoto, chupa ya maji meupe kulia, watu wanapiga makofi. Mimi nikiiona nauliza kwanza hiyo rangi imekwenda wapi.

Tuanze na unga. Titani dioksidi, ileile inayotia weupe kwenye rangi za ukuta, ikipigwa na mwanga wa kutosha elektroni inaruka na kuacha tundu, yaani nafasi tupu. Tundu likikutana na maji linazaa radikali za haidroksili (vipande vya molekuli vikali sana), elektroni ikikutana na oksijeni inazaa superoksidi, radikali nyingine, na hizo zikigusa molekuli ya rangi au ukuta wa bakteria zinatafuna bila kuchagua. Wajapani Fujishima na Honda (sio wa pikipiki) ndio walioshtua watu 1972 kwa kutumia mwanga na titani dioksidi kupasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni, mambo ya kuua bakteria yakaja kuripotiwa 1985.

Shida ni kwamba elektroni na tundu lake wanarudiana fasta kabla ya kufanya kazi, halafu titani inataka mwanga wa mawimbi mafupi kuliko nanomita 387 hivi, yaani urujuanimno, ambao kwenye jua ni kama asilimia 5 tu, kwa hiyo hata hili jua letu la Arusha linalokuchoma huku umevaa sweta sehemu kubwa linapita bure. Ndio maana tunachanganya: unaweka chembe za fedha zishike elektroni isirudi, au unabandika kaboni nitridi inayokula mwanga mpaka nanomita 460 hivi. Hiyo ndio nanokompositi, hamna uchawi.

Sasa ile chupa. Rangi inaweza kupotea kwa sababu imenata tu kwenye unga, hivyo lazima uanze kukoroga gizani, wengi wanaweka nusu saa, upime, ndio uwashe taa. Na ukiona unga ulikuwa mweupe sasa una bluu, ujue rangi imehamia pale. Lingine, methilini bluu, ile rangi ya bluu tunayopimia, oksijeni ikikosekana kwenye chombo inaweza kugeuka isiwe na rangi bila kuvunjika, tikisa chupa hewa iingie, bluu inarudi. Mama zetu wa batiki wanalijua hili vizuri kuliko wanafunzi wangu, maana indigo ndani ya ndoo yenye kostiki soda na haidro (kemikali inayoipokonya indigo oksijeni) haiko bluu, unatoa kitambaa kina ukijani wa njano, unakianika, hewa inakipiga, bluu inatokea mbele ya macho yako. Na hata ikivunjika kweli, vipande vinavyobaki vingine vina sumu kuliko rangi yenyewe, ndio maana napima kaboni iliyobaki kwenye maji, sio rangi peke yake.

Kwa bakteria ni hivyohivyo. Fedha inaua hata gizani, na jua peke yake linaua pia, si ndio ile chupa ya plastiki ya maji ya kunywa inayolazwa juani juu ya bati masaa 6. Kwa hiyo nataka kuona unga na mwanga, unga gizani, mwanga bila unga, na maji matupu gizani, halafu yale maji yakae usiku kucha ndio tuhesabu tena, kwa sababu bakteria walioumia tu wanajitibu wanarudi. Mtu akiniletea sahani moja ya kuoteshea bakteria, safi haina koloni (doa la bakteria walioota) hata moja, namwambia kaka hongera, nyingine tatu ziko wapi?

Na swali ambalo huku kwetu halikosi, hasa kwa watu wa upande wa Meru: je unga huu unaondoa floraidi kwenye maji, ile inayotia meno ukahawia? Hauondoi. Floraidi ni ayoni tupu, hakuna cha kuvunja pale, radikali haina pa kung'ata. Kwa hiyo kama tatizo lako ni meno ya kahawia tafuta mkaa wa mifupa, kama walivyofanyia kazi pale kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huu unga wangu uache ushughulike na rangi na vijidudu.