Mkimya kasome uhasibu, mbishi kasome sheria: dhana potofu kuhusu haiba na kazi

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, Tabora nzima huwa washauri. Shangazi wa Isevya, mchungaji, jirani mwenye bodaboda, kila mmoja anajua mtoto wa fulani "anafaa" kitu gani, na ushahidi alionao ni tabia aliyoiona sebuleni. Huyu haongei, apelekwe uhasibu. Yule mbishi, huyo ni mwanasheria. Siku hizi kuna na simu: unajibu maswali ya bure mtandaoni kwa dakika chache, unapewa herufi nne, INFJ au ESTP, pamoja na orodha ya kazi zako. Shangazi na simu wanakosea kwa namna ileile: wanamtazama mtu, hawaitazami kazi.

"Kipimo kimesema mimi ni wa aina hii"

Zile herufi nne, za kipimo kiitwacho MBTI, zilianza na Wamarekani wawili, Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers. Walichukua mawazo ya daktari wa akili wa Uswisi, Carl Jung, wakayageuza kuwa dodoso wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hakuna kati yao aliyesomea saikolojia chuoni. Hilo mimi silihesabu kuwa kosa. Kosa ni jinsi kipimo kinavyopanga watu. Uchangamfu una viwango vingi, lakini kipimo kinaukata katikati na kuwaweka watu pande mbili, introvati (wakimya) huku na ekstrovati (wachangamfu) kule, wakati watu wengi wako karibu na hapo katikati. Jibu leo umetoka harusini, utaangukia upande mmoja. Jibu mwezi ujao umeamka na malaria, utaangukia wa pili. Watafiti waliowarudishia watu dodoso hilo baada ya wiki chache wamekuta hadi karibu nusu yao wakipata angalau herufi moja tofauti. Wenye kipimo wenyewe wanasema kisitumike kuchuja waombaji wa kazi.

Mbona basi maelezo yake yanatugusa? Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwajazisha wanafunzi wake dodoso la haiba, kisha akampa kila mmoja maelezo "yake". Walipoulizwa yamewaeleza vizuri kiasi gani, wastani ulikuwa 4.26 kati ya 5. Kumbe wote walikuwa wamepewa maelezo mamoja, ya sentensi zilizookotwa kwenye kitabu cha nyota. Moja ilisema mtu huyu ana uwezo mwingi ambao bado hajautumia. Nani wa Ng'ambo au Cheyo angekataa hilo?

"Sangwini hawezi kazi ya kukaa"

Huu mgawanyo umeenezwa sana na semina za ndoa na za vijana: sangwini mchangamfu, koleriki wa kuamrisha, melankoli wa kufikiri sana, flegmatiki mpole. Asili yake ni tiba ya kale ya Wagiriki, kina Hippocrates na baadaye Galen, walioamini mwili unaendeshwa na damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na kohozi. Tiba hiyo iliachwa zamani. Huwezi kwenda Hospitali ya Kitete ukaomba upimwe nyongo nyeusi. Mke na mume wakitaniana kwa majina hayo sina ugomvi nao, ila kumchagulia mtoto chuo kwa kohozi, hapana.

Wanasaikolojia wa leo hutumia zaidi sifa tano, kila moja ikiwa na kiwango chake kwa kila mtu: hamu ya mambo mapya, kujituma kwa utaratibu, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Mwaka 1991 watafiti wawili, Barrick na Mount, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi na kuona kuwa sifa iliyoendana na utendaji mzuri katika kila kundi la kazi walilolipima ni ile ya kujituma kwa utaratibu. Hata hiyo haikuwa na uzito mkubwa sana. Uchangamfu ulisaidia zaidi kwa mameneja na wauzaji.

"Mkimya hafai biashara"

Aha, wauzaji. Hapa ndipo wengi husema: si unaona? Lakini mwaka 2013 Adam Grant, pia wa Marekani, alichapisha utafiti kuhusu wauzaji 340 wanaouza kwa kuwapigia wateja simu, na walioingiza fedha nyingi zaidi hawakuwa waongeaji wakubwa. Walikuwa wa katikati. Anayeongea mno anakosa kusikia mteja anataka nini.

Katazame wauza dagaa wa Kigoma sokoni. Mmoja anaita kila apitaye, anatania, anashika mkono. Mwingine, meza mbili mbele, hasemi kitu. Anafungua mdomo wa gunia, anakuacha uchambue, uingize vidole hadi chini ujionee kama kuna mchanga. Ukishapima anaongeza konzi moja bila kuombwa, anafunga. Bei anaitaja mara moja tu. Wateja wake ni walewale, na wengine humtumia hela kwa simu kabla ya mzigo kufika. Ungemuuliza shangazi, binti huyo angekuwa anapanga mafaili ofisini.

"Kazi ya nyuki ni ya wapenda upweke"

Tabora ina Chuo cha Nyuki, kwa hiyo dhana hii naisikia kwa kijana mkimya mara kwa mara: akasome nyuki, akae porini na mizinga yake. Nyuki wetu ni wakali, na warinaji wengi hawaendi peke yao. Mmoja anashika bomba la moshi, mwingine anatoa masega, wa tatu anapokea ndoo na kuifunika haraka. Wakirudi, asali ichujwe, ipimwe unyevu, ihifadhiwe. Halafu aje mnunuzi anayetaka kushusha bei, na kikao cha kikundi ambako wawili wanagombania hesabu za mwaka jana. Mkimya wetu atavimba kwa maneno kuliko kwa miiba.

Mwanasaikolojia John Holland, aliyetoa nadharia yake mwaka 1959, aligawa mielekeo ya watu na kazi katika makundi sita: kazi za mikono, uchunguzi, sanaa, kuhudumia watu, kushawishi na kuongoza, na kumbukumbu na taratibu. Watu hunukuu makundi yake wakisahau kwamba yeye mwenyewe alimwona mtu kuwa mchanganyiko, ndiyo maana mtu hupewa herufi za makundi yake matatu ya juu badala ya moja. Katika nyuki peke yake utakuta karibu yote sita. Hata reli ni hivyo. Tabora ndipo njia inapogawanyika kwenda Kigoma na Mwanza, na Chuo cha Reli kiko hapahapa. Dereva wa treni, mkaguzi wa tiketi na fundi wa ishara wote huitwa watu wa reli, ila mkaguzi huenda akazungumza na watu wengi kwa safari moja kuliko fundi kwa mwezi mzima.

"Haiba haibadiliki"

Inabadilika, polepole. Tafiti zinazowafuatilia watu kwa miaka zinaonyesha kuwa kati ya miaka 20 na 40 wengi huongezeka utaratibu na kupungua wasiwasi, na kazi yenyewe ni moja ya yanayowabadilisha. Aina uliyopewa ukiwa na miaka 17 usiichukulie kuwa ya kudumu.

"HGL ni ya waongeaji, PCB ya wakimya"

HGL ni historia, jiografia na Kiingereza; PCB ni fizikia, kemia na biolojia. Daktari anaongea na wagonjwa kutwa. Mwanahistoria anashinda na makaratasi. Tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, inahitaji alama za masomo na hamu ya kuyasoma, na familia nayo ihesabu ada, jambo ambalo hakuna kipimo cha haiba kinacholiuliza. Ukitaka kujua kazi inakufaa, mtafute anayeifanya, umwombe akusimulie siku yake ya jana, tangu alipofika hadi alipoondoka: alikuwa na nani, alisimama au alikaa, nini kilimchosha. Usianze kumuuliza kama anaipenda, maana wengi watakujibu kwa adabu tu.

Fanya hivyo mapema. TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule, hufungua mfumo wa mtandaoni wa Selform baada ya matokeo ili mhitimu abadili tahasusi au chuo kabla ya kupangiwa shule, na tangu 2024 tahasusi za kuchagua zimeongezeka sana kupita zile ambazo wazazi walizisoma. Muda wa kubadili una mwisho, na tarehe hutangazwa.