Konekta ya umeme wa volti ndogo kwenye kamera na taa za filamu

Kwa watu wa kamera na taa, volti ndogo ni umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja tu), mara nyingi kati ya volti 12 na 48, unaotoka kwenye betri au adapta. Konekta ni plagi na soketi zinazoufikisha kwenye kifaa. Kwa kuwa volti zenyewe hazitishi, wengi huchagua kwa umbo tu: ikiingia, imefaa. Kumbe kinachoielemea konekta ni ampea, yaani wingi wa mkondo unaopita.

Gawanya wati kwa volti. Taa ya wati 200 kwenye volti 48 huvuta ampea 4 na ushei. Kwenye volti 12 huvuta karibu 17. Pini nyembamba isiyopata hata joto kwenye hali ya kwanza, kwenye ya pili huweza kuiva hadi plastiki ikalainika. Waya nao hudai chake. Wa shaba, wenye unene wa milimita mraba 2.5 na urefu wa mita 10, ukipitisha ampea 10 hupoteza takriban volti 1.4 kwenda na kurudi. Ukianza na 48, huoni tofauti. Ukianza na 12, kifaa chaweza kujizima ilhali betri bado ina chaji.

Kwa kamera za volti 12, XLR (konekta ya pini ndani ya ganda la chuma) ya pini 4 ndiyo iliyozoeleka: pini ya 1 hasi, ya 4 chanya, na ina kifungo kinachoizuia kuchomoka mtu akijikwaa kwenye waya. XLR ya pini 3 ndiyo ya kuogopa, maana umbo hilohilo hubeba sauti ya maikrofoni na, pengine, mawimbi ya kuongozea taa. Ikitumika kwa umeme, weka alama ya rangi kwenye kila ncha.

D-Tap, soketi ndogo ya kwenye betri kubwa za kamera, ni rahisi na imeenea, ila haina kifungo, na ikilazimishwa huweza kuingia kinyume. Tena hutoa volti za betri zilivyo: betri ya 14.4 iliyojaa hufika 16.8, kiasi cha kuunguza kifaa kilichoandikwa 12 tu. Plagi ya duara ya milimita 5.5 iachiwe vifaa vidogo. Tundu lake la ndani huwa 2.1 au 2.5, na plagi ya 2.5 kwenye soketi ya 2.1 hugusa kwa kulegalega, taa ikapepesa.

Konekta jike (yenye matundu) hukaa upande wa umeme, dume (yenye pini) upande wa kifaa, ili pini zilizo wazi zisiwe na umeme kamwe. Na zima taa kwa swichi kabla ya kuchomoa: mkondo wa DC haushuki hadi sifuri kwa vipindi kama ule wa ukutani, hivyo cheche yake hudumu na kuzila pini.