Je, Wajua? Gari la Umeme Linaweza Kupoteza Sauti Bila Dereva Kujua

Ule mvumo unaousikia gari la umeme linapotambaa kutoka maegeshoni Kilimani au Westlands, hapa Nairobi, hautoki kwenye mota. Unatoka kwenye spika, kidude cheusi cha plastiki kilichofichwa nyuma ya bampa la mbele, kikicheza sauti iliyotungwa kiwandani. Kidude hicho kikifa, gari linaendelea na safari kama kawaida. Betri inachaji, breki zinashika, redio inaimba. Dereva aliyefunga vioo na kuwasha kiyoyozi ndiye wa mwisho kujua, ikiwa atajua.

Kwa nini basi gari liwekewe sauti ya bandia? Gari lolote likishachanganya mwendo, kelele yake kubwa ni ya matairi kwenye lami na ya upepo. Simama kando ya Thika Road ufumbe macho: la petroli na la umeme yatakupita yakinguruma vilevile. Tofauti huja mwendo ukishuka chini ya kilomita 30 hivi kwa saa, pale ambapo zamani injini ndiyo iliyokuwa ikitutangazia kwamba kuna gari. Na huo ndio mwendo wa kuegesha, wa kutoka getini, wa kurudi rivasi, yaani mwendo ambao gari na mtu hukaribiana zaidi.

Hatari hiyo imepimwa. Mwaka 2009 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilichambua ajali za magari ya haibridi na kukuta kwamba yanapopunguza mwendo, kurudi nyuma au kuingia na kutoka maegeshoni, uwezekano wa kumgonga mtembea kwa miguu ulikuwa maradufu ya ule wa magari ya kawaida. Mwaka 2024 watafiti wa London School of Hygiene & Tropical Medicine walichapisha uchambuzi wa ajali za Uingereza za mwaka 2013 hadi 2017. Kwa umbali uleule wa safari, magari ya umeme na haibridi yaliwagonga watembea kwa miguu mara mbili ya yale ya petroli na dizeli, na hali ilikuwa mbaya zaidi mijini. Hiyo ni miaka ambayo spika hii ilikuwa bado haijawa sharti kule.

Japani ilitoa mwongozo wake wa sauti hiyo mapema, mwaka 2010. Marekani ilipitisha sheria iliyotiwa saini Januari 2011, baada ya vyama vya wasioona kupiga kelele kwa muda mrefu. Umoja wa Mataifa ulifuata na Kanuni namba 138 mwaka 2016, kisha Ulaya ikaifanya sauti hiyo kuwa lazima kwa miundo mipya kuanzia Julai 2019 na kwa kila gari jipya kuanzia Julai 2021. Kanuni 138 inataka gari lisikike tangu linapoondoka hadi kilomita 20 kwa saa: angalau desibeli 50 kwenye kilomita 10, desibeli 56 kwenye kilomita 20, na desibeli 47 likirudi nyuma. Vipimo huchukuliwa mita 2 kutoka mstari wa katikati wa gari. Wamarekani wao wanataka sauti iendelee hadi kilomita 30. Lakini kanuni hiyo ya Umoja wa Mataifa inahusu magari, mabasi na malori tu. Pikipiki ya umeme haimo, na kwa jiji linaloishi kwa bodaboda kama hili, naona hilo ni pengo kubwa.

Kuna anayeuliza, tena kwa haki: kwa makelele ya Tom Mboya Street, matatu zikishindana kwa mdundo, desibeli 56 zitasikiwa na nani? Pale, hakuna. Ila watu hawagongwi na gari linalotambaa katikati ya Tom Mboya tu. Fikiria maegesho ya chini ya ghorofa, au njia ya ndani ya estate saa kumi na mbili asubuhi, watoto wakingoja basi la shule huku jirani akitoka rivasi. Matatu ikirudi nyuma ina makanga wa kupiga bodi na kufukuza watu. Gari la nyumbani halina makanga.

Sauti yenyewe haikuokotwa tu. Mlio mmoja mwembamba ni mgumu kwa sikio kutambua unatoka upande gani, kwa hiyo kanuni inataka sauti ienee kwenye kanda mbili au zaidi za milio, na angalau moja iwe ya chini kiasi, kwa kuwa wazee hupoteza kwanza uwezo wa kusikia milio ya juu. Nissan walipotengeneza sauti ya Leaf, gari lao la umeme, waliipa nguvu karibu na mitetemo 2,500 kwa sekunde, na tena karibu na 600 kwa ajili ya masikio ya wazee, wakaipunguza makusudi kwenye 1,000 ili isiudhi wakazi wa mtaa. Isitoshe, mlio lazima upande gari linapoongeza mwendo, angalau asilimia 0.8 kwa kila kilomita moja ya ziada. Kwa hiyo ukisikia mlio umepanda unajua gari linakuja kwa kasi, hata kama hujaliona.

Tuje kwenye ubovu. Gari lina kompyuta, na wengi hudhani kompyuta itasema spika ikiharibika. Wakati mwingine itasema: waya ukikatika au koili ya spika ikiungua, umeme haupiti, na taa inawaka kwenye dashibodi. Kwenye Leaf ni taa ya VSP OFF; VSP ndilo jina ambalo Nissan wameipa sauti hiyo. Lakini kompyuta hupima umeme, haisikilizi. Spika iliyojaa matope, au iliyochanika utando baada ya kupigwa maji ya presha kwenye kuosha gari, koili yake bado inapitisha umeme vizuri kabisa. Kompyuta inaona mambo sawa, taa haiwaki, na nje hakuna kinachosikika. Ndiyo maana kipimo cha maana ni sikio la mtu aliyesimama nje.

Tafuta mahali patulivu, tuseme maegesho matupu Jumapili asubuhi. Mwenzako asimame kando, hatua mbili tatu kutoka gari linapopita, asisimame mbele yake. Pita polepole kwa kilomita 10, kisha 20, kisha urudi rivasi, naye akueleze alichosikia. Programu ya simu ya kupimia sauti inasaidia kulinganisha leo na mwezi ujao, ila usiichukulie kama cheti, maana simu haikutengenezwa kwa kazi hiyo na kelele za mtaa zitaifunika.

Majibu ya mwenzako yanaeleza mengi. Kimya mbele na kimya nyuma, anza na fyuzi. Sauti ipo ukienda mbele lakini haipo rivasi, au kinyume chake, ujue baadhi ya magari yana spika mbili, na moja ndiyo imelala. Mkwaruzo kama redio ya betri inayokata roho ni utando uliochanika au maji yaliyoingia. Mlio usiobadilika hata uongeze mwendo unaonyesha kwamba spika ni nzima ila haipati taarifa ya kasi, na hapo ni kazi ya mashine ya kusoma makosa ya kompyuta, si ya bisibisi. Usishtuke kwamba sauti inakatika ukifika mwendo fulani. Leaf hunyamaza karibu na kilomita 30 na kuanza tena ikishuka hadi 25 hivi, na ndivyo ilivyokusudiwa. Na kabla ya kumwita fundi, kama gari ni Leaf ya kizazi cha kwanza, angalia kitufe cha kuzima sauti hiyo. Baadhi zilikuja nacho.

Katika gereji moja Industrial Area niliwahi kumwangalia fundi wa waya akifungua bampa la gari dogo la umeme lililoletwa kwa sababu taa ya spika ilikuwa imewaka kwenye dashibodi. Plagi ya spika haikuwa imechomekwa kabisa. Ilikuwa inaning'inia, imefungwa kando kwa kamba ya plastiki. Bampa lilikuwa limepigwa rangi upya baada ya kugongwa, na aliyelirudisha aliona plagi imebaki, hakujua ya nini, akaifunga isipige kelele. Meno ya plagi yalikuwa yameshaota kutu ya kijani. Fundi aliisafisha kwa dawa ya kupuliza na brashi ya meno, kisha akatoa betri ya saa ya ukutani, ile ya volti 1.5, akaigusisha kwenye miguu miwili ya spika. Tk. Akaigusisha tena, tk. "Hii iko hai," akasema, akapaka grisi kidogo na kuichomeka.

Ujanja huo wa betri unafaa kwa spika ya kawaida yenye miguu miwili tu. Ukiona soketi ina miguu mingi, kompyuta ya sauti iko ndani ya kasha lilelile la spika, na hupaswi kuigusa kwa betri yoyote. Na hata yenye miguu miwili isiungwe moja kwa moja kwenye betri ya gari, kwa sababu volti 12 zitaichoma koili. Akiwa na mita, fundi apime ohimu, yaani upinzani wa umeme: kama mita haionyeshi njia kabisa, koili imekatika na spika hiyo si ya kutengenezwa.

Kuhusu usalama wa fundi mwenyewe, spika hii iko upande wa volti 12, kwa hiyo kuifungua si kazi ya kutisha. Gari lizimwe, na waya hasi wa betri ndogo ya volti 12 uondolewe. Waya za rangi ya machungwa ndizo zinazobeba umeme mkubwa wa betri ya kuendeshea, mamia ya volti, na fundi asiyezifahamu hana sababu ya kuzisogeza hata kidogo. Akianza kuzivuta akitafuta spika, mwambie aache.

Spika ikihitaji kubadilishwa, spea za mitumba kutoka magari yaliyogongwa huko nje hupatikana ukiulizia, ila linganisha namba iliyoandikwa kwenye kasha na si sura tu. Zile zenye kompyuta ndani huenda zikahitaji kutambulishwa kwa gari kwa mashine, la sivyo taa haizimiki. Kuna mafundi watakaokushauri ufunge spika ya muziki kutoka Luthuli Avenue. Kataa. Haikutengenezwa kwa mvua na vumbi, na ohimu zake zikiwa chini ya zinazotakiwa inaweza kuunguza kompyuta ya sauti, ambayo ni ghali kuliko spika.

Wapo pia wanaotaka kuigeuza spika ya nje kuwa ya burudani. Tesla waliwahi kuwapa wateja wao jambo hilo chini ya jina Boombox, na mwaka 2022 wakalazimika kurekebisha magari 578,607 Marekani, kwa kuwa muziki ungeweza kuifunika sauti ya tahadhari gari likiwa linaenda. Marekebisho yalifanywa kwa programu tu, ila hoja ya mamlaka ilikuwa wazi: spika nzima inayocheza kitu kingine ni sawa na spika mbovu.

Wakati unangoja spea, gari linaweza kutumika, mradi dereva ajue kwamba hasikiki. Teremsha kioo ukiwa kwenye estate. Kurudi rivasi, mwite soja wa getini akusimamie. Honi ipigwe fupi na mapema, maana mtu akishtuliwa kwa karibu anaweza kurukia palepale gari linapokwenda.

Kazi ikiisha, usilipe kabla hujarudia kipimo kilekile, mbele na nyuma, mtu akiwa nje. Chungulia pia chini ya bampa uone kama ngao ya plastiki inayoikinga spika imerudishwa na vishikizo vyake vyote. Mafundi wengi huiona ni usumbufu na kuiacha kando, na bila hiyo mvua za Aprili zitaijaza spika mpya matope vilevile.