Shela: Usiulize Saa, Uliza Maji

Mgeni wa Shela, kijiji chetu cha ufuoni kisiwani Lamu, akinipigia simu, swali la kwanza ni lile lile: "Nahodha, tunaondoka saa ngapi?" Humwambia ngoja kwanza nihesabu mwezi. Wengi hudhani ni mzaha.

Kisiwa cha Lamu, ukiacha magari machache ya kazi na pikipiki zilizoingia miaka hii ya karibuni (sizipendi, nasema wazi), ni miguu, punda na mashua. Ndege hutua Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari. Basi hukushusha Mokowe, bara. Popote utakaposhukia, utavuka maji.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huwa bamvua, yaani maji makubwa. Maji hujaa mno kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na saa nne yamepwa kabisa. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kama dakika 50. Wiki moja baadaye saa nne asubuhi ndiyo maji yamejaa, ila ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana.

Hesabu hii ndiyo huamua kama utafika Takwa, magofu ya mji wa Waswahili kule Manda uliohamwa karne ya 17. Watu wa Shela husema wazee wao walitoka huko. Njia ni mkono wa bahari katikati ya mikoko, na maji yakitoka hubaki tope tupu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliingia maji yameshaanza kutoka, nikajidai nitawahi. Wageni wanne wakaizunguka nguzo ya kaburi la kale iliyoko huko, wakapiga picha bila haraka. Kurudi, mashua imelala ubavu. Tulishinda mikokoni na mbu, maembe mawili na chupa moja ya maji, mpaka bahari ilipotukumbuka.

Kutoka mji wa Lamu hadi Shela kwa miguu ni dakika 40 hivi. Maji yakijaa, njia ya pwani humezwa na utavua viatu. Ufuo wenyewe una urefu wa kama kilomita 12. Utembee maji yakipwa, mchanga ukiwa mgumu kama sakafu. Kuogelea, usiende mbali: mbele ya ufuo hakuna mwamba wa kuvunja mawimbi, na pale mlangoni mkondo una nguvu. Upepo wa kusi ukikaza, Juni hadi Agosti, mimi mwenyewe huishia magotini.

Halafu vile vilima vya mchanga nyuma ya ufuo. Mgeni huona mahali pa kupigia picha jua likitua. Sisi tunaona birika la kuhifadhia maji. Mvua huzama mchangani, maji matamu yakakaa juu ya maji ya chumvi, na visima vya Shela huunywesha mji wa Lamu. Kwa hiyo ukibanwa na haja huko juu, tafadhali, rudi kijijini.