Mshauri nasaha na kabati la vipimo: wanavyodhani na ilivyo

Anayesomea ushauri nasaha hujiona mbele ya kiti, meza ndogo na mwanafunzi anayefungua moyo. Wiki ya kwanza kazini anakabidhiwa ufunguo wa kabati la vipimo na ratiba ya usimamizi wa mitihani.

"Kupima si kazi ya mshauri." Ni kweli nusu. Chama cha Washauri wa Shule cha Marekani, kwa mfano, kinahesabu uratibu wa mitihani kuwa kazi asiyopaswa kutwishwa mshauri, na kinataka walau asilimia 80 ya muda wake iende kwenye huduma za wanafunzi. Lakini kumfafanulia mtoto na mzazi wake matokeo yanasema nini ni kazi yake hasa. Ukitwishwa uratibu, andika saa zilizokwenda huko. Wakuu wa shule husikiliza daftari kuliko manung'uniko.

"Alama inajieleza yenyewe." Hapa huteleza hata walimu wazuri. Mama anaingia na karatasi iliyokunjwa mara nne, kidole juu ya namba 40. "Mwalimu, kwa hiyo mwanangu amefeli?" Hajafeli. Ile ni pasentaili: ukichukua watoto 100 wa kundi la kulinganishia, wapatao 40 wako sawa naye au nyuma yake. Haisemi alipata maswali mangapi. Angeweza kupata 70 kati ya 100 akaangukia hapohapo kwa kuwa wenzake walikuwa wakali. Na pasentaili 40 bado imo katikati ya kundi, wanakokaa watoto wengi.

Tena kila kipimo kina kosa lake. Chukua kipimo cha akili chenye wastani wa 100, mkengeuko sanifu (kadiri alama zinavyotawanyika kando ya wastani) wa 15 na uthabiti (kadiri matokeo yasivyoyumba; kamili ni 1) wa 0.91: kosa sanifu la upimaji, yaani kadiri alama ya mtu inavyoweza kuyumba, ni alama 4.5. Ukiliweka kosa hilo mara mbili kila upande, aliyepata 98 husomwa kati ya 89 na 107 hivi. Sasa mtu anawatenganisha watoto wawili madarasa kwa tofauti ya alama mbili! Alfred Binet na Théodore Simon walipotoa kipimo chao Paris mwaka 1905, shabaha ilikuwa kuwatambua watoto wanaohitaji kufundishwa kwa namna ya pekee. Binet mwenyewe alipinga dai kwamba akili ya mtu haiongezeki.

"Mwongozo unasomwa asubuhi ya mtihani." Usithubutu. Usome siku kadhaa kabla, kwa sauti, mpaka maelekezo yakae mdomoni neno kwa neno. Jua nani anastahili muda wa ziada na ataketi wapi. Hesabu vijitabu vinapotoka, hesabu vinaporudi. Mwaka wangu wa kwanza nilimwinamia mtoto mmoja aliyekwama nikamnong'oneza, "Hilo fikiria tena." Huruma tu. Akafuta, akapata. Kuanzia hapo alama yake haikuweza kulinganishwa na ya yeyote, na ilinibidi niandike taarifa ya kujishtaki.

"Alama za dodoso zikipanda, mshauri anataja ugonjwa." Hapana. PHQ-9, dodoso la sonona linalofahamika sana, lina maswali 9 na alama kuanzia 0 hadi 27. Kufikia 10 ni ishara kwamba mtu anahitaji kuchunguzwa na mtaalamu wa tiba, na mshauri ndiye wa kumpa rufaa. Swali la 9 linagusa mawazo ya kufa au kujidhuru. Kwa hiyo asiyekuwa na nafasi ya kuyasoma majibu siku ileile asiligawe dodoso hilo kabisa. Na ile hofu kwamba kumuuliza mtoto waziwazi kuhusu kujiua ni kumpandikizia wazo haijaungwa mkono na tafiti. Muulize.

"Ya ofisini kwa mshauri yote ni siri." Yana mipaka: hatari kwa maisha yake au ya mwingine, na mtoto anayedhulumiwa. Mwambie mwanzoni, kabla hajaanza kusimulia.

"Siku ya upimaji, ushauri umefungwa." Chama hichohicho kinapendekeza wanafunzi 250 kwa mshauri mmoja, shule nyingi zina zaidi ya hapo, na wanafunzi hawaangalii ratiba. Juzi nilikuwa nahesabu karatasi za mtihani, nimefika ya 63, nikaona kivuli mlangoni. "Mwalimu, una shughuli?" Sauti ilikuwa ndogo kuliko kawaida yake. Nikaandika 63 kwenye kiganja, nikafunga kabati, nikamvutia kiti.