135 sio HP (nguvu za farasi) jamani

Wiki hii kanipigia tena mtu, "Fundi, nimepata trekta Massey Ferguson 135, si ina HP 135? Itavuta plau ya disiki nne?" Hili swali nimelichoka, na watu wanapoteza hela kwa ajili yake, mtu ananunua plau inayolizidi trekta halafu anasema injini imekufa.

Massey 135 ina HP kama 45 kwenye injini. Basi. Na hizo 45 zinategemea umepimia wapi, Wamarekani walipoipima Nebraska kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine, walipata karibu 38, ikiwa mpya. Ya kwako pampu ya dizeli imeshafunguliwa mara ngapi? Hapo kibati, kile cha namba za trekta, hakisaidii kitu, hata mimi nakisia tu mpaka niione shambani.

Sasa hiyo 1 imetoka wapi. Ilianza 35, ikaja 65 kubwa yake, halafu mwisho wa 1964 wakaleta kizazi kipya, boneti ikawa ya pembe badala ya ile ya mviringo, na mbele ya namba wakaweka 1: 35 ikawa 135, 65 ikawa 165. Ni jina la ukoo hilo. Baadaye ukaja ukoo wa 200, mrithi wa 135 akawa 240. Kinachowachanganya watu ni hizi za Pakistani, 375 ina HP 75, 385 ina 85, wanadhani ndo sheria, ila 240 ya hukohuko inauzwa kama HP 50, sio 40.

Linaloniudhi zaidi ni rangi. "Ni nyekundu fundi, ni 35 ya injini ya Perkins." Ngoja kwanza. 35 za kiwanda cha Coventry, Uingereza, za 1956 zilikuwa za kijivu, injini rangi ya dhahabu, chapa bado Ferguson tupu. Nyekundu imeanza mwishoni mwa 1957, lakini za dizeli injini ikabaki ileile ya kampuni ya Standard, silinda nne, ile inayogoma kuwaka asubuhi ya baridi, mpaka 1959 ndo ikaingia Perkins ya silinda tatu. Kwa hiyo nyekundu za nne zipo na za tatu zipo, na hapo bado hujahesabu waliopaka wenyewe. Juzi nimekwangua boneti moja kwa msumari karibu na mfuniko wa rejeta, ikatoka nyekundu, chini yake nyekundu nyingine iliyopauka, chini kabisa kijivu. Na mwenyewe keshanunua gasketi ya silinda hedi ya Perkins, matundu hayalingani, dukani wamegoma kuirudisha.

Fungua boneti uhesabu nozeli, zile za kupuliza dizeli, kila silinda moja: tatu au nne. Ukikuta 3.152 kwenye injini usiniambie ni HP 152 tafadhali, hiyo ni silinda 3 na inchi za ujazo 152, kama lita 2.5. Piga picha nozeli na kibati, nitumie, ndo tuongee spea.